Kabla hujachomeka lile kopo la gesi

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Makambako: "Kaka mambo, nimenunua kopo la gesi ya AC ya gari. Niambie tu nachomeka wapi." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo nilimuuliza mtu miaka miwili iliyopita, nimesimama uani kwangu hapa Mbeya, Julai, asubuhi ya baridi ile ambayo ukiongea unatoa moshi mdomoni. Yule mtu alinijibu. Afadhali asingenijibu.

Watu wa Dar wakisikia mtu wa Mbeya anahangaika na kiyoyozi wanadhani tunajidai. Sasa waje waendeshe kutoka Uyole kwenda Tukuyu mvua ikinyesha, mko watu watano ndani, vioo vimefungwa. Ukifika Isongole kioo cha mbele kimejaa ukungu, unafuta kwa kitambaa huku roli linakuja. AC haipozi tu, inakausha hewa pia. Unaiwasha, unaelekeza upepo kwenye kioo, ndani ya dakika moja unaona barabara. Mimi ndiyo ilinianzisha safari yote hii, siyo joto.

Na niseme nilivyofika kwenye kopo, kwa sababu bado linaniuma. Kulikuwa na fundi mmoja, simtaji, aliyenijazia gesi mara tatu ndani ya miezi kumi na nne, kila mara elfu sitini. Kila nikirudi anasema "gesi imeisha, bosi." Nami nalipa. Imeisha imekwenda wapi? Gesi ya AC siyo petroli, haichomwi. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba: kompresa inaikandamiza, kule mbele kwenye kondensa inapoa inakuwa kimiminika, inapitishwa kwenye tundu jembamba, inageuka kuwa gesi tena ndani ya dashibodi na kunyonya joto, inarudi kwenye kompresa. Ikipungua imevuja. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba laki moja na themanini imeondoka na upepo, na kwamba mimi si mjinga, nitajaza mwenyewe.

Nikanunua kopo la R134a, ndiyo gesi ya AC ya gari langu, lenye mpira wake na kigeji kidogo cha rangi, kijani maana yake vizuri, nyekundu maana yake acha. Nikawasha gari, nikawasha AC, nikachomeka. Sindano ikalala chini kabisa ya kijani. Nikaongeza. Ikapanda kidogo. Nikatikisa kopo, nikaongeza tena, nikafungua la pili. Ilipofika katikati ya kijani nilisimama nikaiangalia kama mtu anayeangalia cheti chake. Upepo uliotoka ulikuwa barafu. Mke wangu alikuja kuuonja kwa kiganja. Nikamwambia, unaona? Elfu sitini hiyo.

Kosa langu sikulijua, na ninaamini wengi wetu wa nyanda za juu tunalifanya. Mgandamizo wa gesi hii unafuata joto. Kopo lilelile kwenye nyuzi 10 lina psi (kipimo cha mgandamizo) kati ya 45 na 50. Lipeleke kwenye nyuzi 35, linapita psi 110. Kile kigeji cha rangi kinafikiria uko mahali pa joto. Kwenye baridi ya Julai sindano kuwa chini ni haki yake, haimaanishi gesi ni ndogo. Mimi nilikuwa naongeza gesi ili kuifurahisha sindano.

Siku nne baadaye tukasafiri kwenda Dar kwenye harusi. Mimi, mke wangu, mama mkwe kiti cha mbele, shemeji nyuma. Makambako safi. Mafinga safi. Iringa tukala. Tukashuka Kitonga polepole nyuma ya malori, na joto likaanza kupanda kama mnavyoijua ile bonde. Nikasikia kompresa inashika, inaachia, inashika, inaachia. Nikajifanya sijasikia.

Ruaha Mbuyuni mama akasema, "Baba, simama tuangalie vitunguu." Nikasimama, injini inaunguruma, AC iko juu, jua la saa nane, feni ndogo inajitahidi. Mama bado anapatana bei, pakatoka mlio chini ya boneti, psshhhhh, mrefu, na wingu jeupe lenye harufu ya mafuta. Wauza vitunguu walikimbia. Mmoja alitupa kikapu. Kumbe ile ni vali ya usalama, mgandamizo ukizidi inafunguka ili bomba lisipasuke. Ilifanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Boneti kwa ndani ilikuwa imerashiwa mafuta ya kijani kila mahali, kama mtu amepiga chafya.

Mama mkwe aliniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, si ungemwachia fundi?" Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama upole ule. Tukaenda hadi Dar vioo chini, magunia mawili ya vitunguu nyuma, mama amejifunika khanga kuzuia vumbi. Na shemeji yangu, ambaye hata tairi hajawahi kubadilisha, aliisimulia ile habari harusini kwa kipaza sauti. Mpaka leo ananiita Fundi Gesi.

Ndugu zangu, kiburi ni kitu kibaya. Tunapenda njia ya mkato. Tunaona video ya dakika tatu tunadhani tumesoma. Na ile gesi niliyoipuliza pale Mbuyuni siyo hewa tu: kilo moja ya R134a inapasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikaa Kigali zikakubaliana kuipunguza. Mimi niliimwagia wauza vitunguu.

Haya. Nilivyorudia.

Nilimpata mzee mmoja anayetengeneza majokofu, nikampigia shikamoo, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba anifundishe badala ya kunifanyia. Kitu cha kwanza hakugusa gesi. Aliniambia, "Tafuta palipo na uchafu wa mafuta." Gesi ikivuja inatoka na mafuta ya kompresa, mafuta yanashika vumbi. Tukakuta, kwenye kiungo cha bomba la kondensa, doa jeusi la ukubwa wa sarafu. Bolti moja ya spana namba kumi, ndani yake oringi, ile pete ya mpira, imekauka, ukiibonyeza inakatika kama tambi. Mpya ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano. Laki moja na themanini, na oringi ya elfu moja na mia tano! Nilikaa chini kwanza.

Nikamuuliza imekaukaje. Akasema sisi wa huku tunaua AC kwa kutozitumia. Mafuta yanayolainisha oringi na sili ya kompresa yanasafiri na gesi. Usipowasha miezi mitano, yametulia chini, mipira inakauka. Kwa hiyo hata kama kuna baridi, washa dakika kumi kila wiki. Mimi nawasha Jumapili nikienda kanisani. Familia inalalamika, wazoee.

Baada ya kubadilisha oringi tulivuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, dakika arobaini na tano. Hewa ikibaki ina unyevu, unyevu unaganda kwenye lile tundu jembamba na kuharibu mafuta. Hapa nusura nimgombeze mzee wa watu, maana nilisoma kwamba geji lazima ifike karibu na inchi 30 za zebaki upande wa vakyumu, yetu ikagoma kwenye 24 na kitu. Nikasema pampu yako mbovu. Akacheka: "Hizo 30 ni za pwani." Tuko mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, geji haina mahali pa kwenda zaidi ya hapo. Tulifunga vali, tukanywa chai nusu saa, sindano haikusogea. Hapo ndipo tukajua hakuna tena panapovuja.

Kisha gesi, na safari hii kwa mizani. Chini ya boneti kuna stika inayosema aina ya gesi na gramu ngapi. Ya kwangu ni 450. Kopo moja ni gramu 340, kwa hiyo moja na kidogo la pili. Tuliliweka kopo juu ya mizani ya jikoni, ile ya mke wangu ya unga. Kwa sababu ya baridi gesi ilikuwa inatoka kwa uvivu, tukalitoa tukaliweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ya kuogeshea mtoto, siyo ya moto. Usithubutu jiko. Kopo tulilisimamisha wima ili gesi iingie ikiwa gesi na siyo kimiminika, maana kompresa haikandamizi kimiminika, inavunjika. Miwani na glovu mzee alinilazimisha. Gesi hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni ni kwaheri.

Mengine kwa haraka, maana wengi mtaniuliza. Makopo yenye dawa ya kuziba matundu, hapana, yanaziba na pasipotakiwa. Gesi ya kupikia, hapana, hapana: inapoza kweli, lakini ikivuja inaweza kuvujia ndani ya dashibodi mbele ya magoti ya mama yako. Magari mengi mapya yanatumia gesi nyingine kabisa, R1234yf, soma stika. Na tafuta panapovuja kwanza. Nimeshasema? Narudia.

Mwezi uliopita tulipita tena Ruaha Mbuyuni. Nilisimama palepale kwa makusudi, injini inawaka, AC iko juu, jua lilelile. Mama alinunua vitunguu bila haraka. Aliporudi garini hakusema kitu mpaka Mikumi, ndipo akavuta khanga mabegani. "Baba, punguza. Miguu inaganda." Shemeji hakuwepo, na sijui kwa nini nilimualika kila mtu isipokuwa yeye.

Kaka wa Makambako, swali lako sijalisahau. Unachomeka kwenye bomba nene, kifuniko chenye herufi L. Kile cha H usikiguse kabisa, gesi itarudi kwenye kopo na kopo linaweza kupasuka mkononi mwako. Ila kabla ya yote nitumie picha ya stika ya boneti, na picha ya kila kiungo chenye vumbi la mafuta. Kopo liweke kivulini.