Hewa Imejaa Nitrojeni, Mahindi Yana Njaa

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Shamba langu lipo Himo, nimechanganya mahindi na maharage. Mahindi yamefika magotini na majani ya chini yanageuka njano, lakini maharage yamenona, kijani kabisa. Jirani ananicheka nikitaja mbolea ya urea. Eti nitrojeni imejaa hewani, ya nini kuinunua? Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani hajadanganya, ila kaishia njiani. Katika kila lita 100 za hewa kavu, 78 ni nitrojeni. Lakini chembe zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu, na mahindi hayawezi kuzibandua. Yenyewe hunywa kwa mizizi ile iliyokwisha kuwa naitreti au amoniamu kwenye maji ya udongo.

Maharage yana wapangaji. Chimbua shina moja taratibu kwa jembe, usilivute, kisha suuza mizizi. Utaona vivimbe vidogo kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wamo kazini: wanabandua nitrojeni ya hewani, maharage yanawalipa sukari. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi hapo. Mahindi hayana vivimbe hivyo, na usitegemee yagawiwe vya kutosha na maharage msimu huu. Faida kubwa huja mabaki yakiozea shambani. Nasi tunang'oa na mizizi yake, tunapuria nyumbani, makapi anakula ng'ombe! Basi walau samadi irudi.

Sasa hiyo njano. Shika jani la chini kabisa: ikiwa imeanzia nchani na kufuata mshipa wa kati kama herufi V, ni njaa ya nitrojeni. Bila nitrojeni mmea hautengenezi protini wala ukijani, kwa hiyo huinyang'anya majani makuukuu ukayapa machanga.

Nunua urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, ila usiitawanye juujuu. Mwaka mmoja niliimwaga hivyo kule Kahe, udongo ukiwa na unyevu na jua linawaka. Kesho yake shamba linanuka kama banda la kuku. Ile harufu ni nitrojeni ya urea ikitoroka kama gesi ya amonia; hela yangu ilikuwa inapaa. Chimba kijishimo, kiganja kimoja kutoka shinani, weka, fukia.

Na jirani akipita, mwonyeshe vile vivimbe.