Bahasha haimgeuzi mgonjwa

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara ya kwanza nikichambua mukene, dagaa wetu wa ziwani, nikausikiliza tena usiku watoto wa kaka yako walipolala. Unasema jumuiya yenu huko Kireka, karibu na Kampala, imegawana kazi za Kwaresima: wengine watafua vitambaa vya altare, wengine wataongoza Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na wewe umepangwa kwenye kundi la kumhudumia yule bibi aliyepigwa na kiharusi. Kazini unatoka usiku, mtoto bado ananyonya. Ndipo ukaniuliza: ukituma pesa kwa simu badala ya kwenda, Mungu ataipokea?

Mungu anapokea. Alizipokea senti mbili za yule mjane hekaluni, atashindwaje na za simu? Lakini hukumuuliza Mungu, umeniuliza mimi, na mimi nina neno langu ambalo mmelisikia tangu utotoni mpaka kaka yako akawa analiigiza kwa sauti yangu mbele ya wageni: bahasha haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Kwanza nimalize la kufunga, maana najua ukaidi wako. Wewe usifunge. Wanaobanwa na sheria ya Kanisa ni wenye miaka 18 mpaka wanapoanza wa 60, na siku zenyewe ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mama anayenyonyesha ana ruhusa. Mimi nimeshavuka sitini, hakuna anayenidai, lakini nitafunga. La kuacha nyama siku ya Ijumaa ndilo linalonichekesha miaka yote. Kwa wafugaji wa Karamoja labda ni sadaka kweli. Hapa Jinja, ziwa liko mlangoni, Ijumaa ya Kwaresima ndiyo siku watu wanayokula vizuri kuliko zote: samaki ngege mzima wa kukaanga, na wanajipiga kifua kwamba wamejinyima. Baba yenu alikuwa akisema toba ya mtaa wa Masese ina mafuta mengi.

Hapa Walukuba tumeshaanza kujiandaa. Katekista ametangaza turudishe matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yale tunayochomeka juu ya milango na nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, yachomwe yawe majivu ya Jumatano. Langu lilikuwa limeliwa na mende nusu. Nikalipeleka hivyo hivyo. Vijana wanayachoma kwenye karai kuukuu, wanayasaga, kisha wanayachekecha kwa kichujio cha chai, kwa sababu majivu yenye vijiti hukwaruza paji la uso na watoto hulia. Kwaya nayo inaimba Aleluya kana kwamba inaisindikiza stesheni, maana ikishafika Jumatano haitasikika tena mpaka Mkesha wa Pasaka. Ngoma zilikuwa kubwa Jumapili, ungefurahi.

Sasa bahasha.

Fundi wa baiskeli humkumbuki, ulikuwa mgongoni kwangu. Kaka yako anamkumbuka. Ndiye aliyemfundisha kuziba pancha chini ya ule mwembe wa barabarani kabla haujakatwa. Alikuwa kijana mtaratibu, hana mke, ndugu zake wako mbali kaskazini. Mwaka 1991 akalala. Mtaa mzima ulijua ni silimu, yaani UKIMWI, na hakuna aliyelitamka neno hilo karibu na mlango wake. Usifikiri tulikuwa hatujui lolote. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilikuwa imeshaanzishwa tangu 1987. Mwanamuziki Philly Lutaaya alikuwa ameshasimama mbele ya watu mwaka 1989 akasema anayo, na Desemba ya mwaka huohuo akafa. Tuliambiwa redioni na kanisani kwamba haiambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kikombe. Kichwa kilijua. Mikono ndiyo iliyokataa.

Kwaresima ilianza tarehe 13 Februari mwaka ule. Jumuiya ikakutana, ikasali rozari, ikaamua kumsaidia Fundi. Vizuri sana. Ikapitishwa bahasha. Baba yenu alikuwa mhazini, na unajua mambo yake na daftari: rula, kalamu nyekundu, kalamu ya bluu, jina, kiasi. Ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, macho mekundu, lakini anapiga mistari. Watu walitoa. Nisiwasingizie, walitoa, na siku zile shilingi ilikuwa ngumu. Kisha mwenyekiti akauliza nani atakwenda kumwosha. Nilihesabu misumari ya bati yote iliyokuwa juu yangu kabla mtu hajakohoa.

Nikasema nitakwenda.

Nyumbani ikawa vita. Bibi yako mzaa baba alikuwa amekuja kututembelea, akasema nitamuua mtoto, yaani wewe, ambaye ulikuwa unanyonya kama huyo wako leo. Kwa hiyo nilikuacha kwa Mama Mnubi wa nyumba ya pili, yule uliyekuwa ukimwita Yaya mpaka ukaenda shule. Kinga niliyokuwa nayo ni kavera mbili, mifuko ya plastiki, mikononi, nimezifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu kutoka kwenye sanduku la Fundi mwenyewe. Alicheka aliponiona. Akasema ameziba pancha za watu wengi lakini hajawahi kumziba mama mzima.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna padri aliyenifundisha: mgonjwa hageuzwi na mtu mmoja. Ukimvuta peke yako ngozi inachubuka. Mmoja anashika begani, mwingine nyongani, mnaivuta shuka aliyolalia kwa pamoja, polepole, kisha mnamwekea nguo zilizokunjwa nyuma ya mgongo asirudi chali. Na ni kila baada ya saa chache, siyo Jumamosi kwa Jumamosi. Mimi nilikuwa peke yangu. Wiki ya kwanza alitokwa na kidonda mgongoni kilichoweza kuingia yai la kuku, huku bahasha imejaa iko kwenye kabati la baba yenu. Bahasha haimgeuzi mgonjwa, mama. Niliwaambia hivyo kwenye jumuiya, wakaitika "Amina", wakaongeza bahasha ya pili.

Aliyekuja ni Mama Mnubi. Hakuitwa na mtu. Alimlaza mwanawe na wewe kwenye mkeka mmoja mlangoni kwa Fundi, akakunja mikono ya gauni, akashika nyonga. Ramadhani ya mwaka ule iliingia katikati ya Machi, wiki mbili kabla ya Pasaka yetu, naye hakuacha. Mimi nilikuwa nafunga kwa kupunguza kitafunwa. Yeye hana hata tone la maji kinywani tangu alfajiri, anageuza mwanaume Mkristo asiye ndugu yake. Nilimwambia apumzike mpaka Idi. Akaniuliza kama na vidonda vya Fundi vitapumzika mpaka Idi.

Jumapili ya tano ya Kwaresima orodha ikasomwa kanisani. Mwenyekiti alisoma vizuri, kwa sauti ya matangazo: familia ya fulani, shilingi elfu moja, makofi, familia ya fulani, shilingi mia tano, makofi. Familia yetu ilisomwa pia, baba yenu alikuwa ametoa. Nikangoja. Nilikaa pale na harufu ya sabuni ya mche bado iko kwenye kucha zangu, nikangoja wafike kwa walioosha. Hawakufika. Baada ya orodha tukaimba.

Nyumbani nikamuuliza baba yenu. Hakukasirika, alifungua daftari, akanionyesha. Safu mbili: jina, kiasi. "Nikiandika kwamba umeosha," akasema, "kwenye kiasi niandike ngapi?" Tangu siku ile mpaka tukamzika baba yenu nilikuwa nalitafuta jibu. Sasa daftari liko kwenye sanduku chini ya kitanda changu, wino umefifia, na bado sijapata.

Najua utakachosema. Kabla hujapakwa majivu Jumatano ile utasomewa Mathayo sura ya 6, mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume, usipige tarumbeta mbele yako. Ninaijua kwa moyo. Padri anapoisoma mimi humtazama usoni bila kupepesa, nisije nikaonekana ndiye anayesemwa. Sasa mtu aliyeijua Injili hiyo, kwa nini anaumia kwa orodha ya mwaka 1991? Nilimlalamikia Mama Mnubi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwani Mungu wenu hajui kusoma," akasema, "mpaka asomewe majina?" Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote, ya kwetu wala ya msikitini kwao, na sikumwona akiumia hata siku moja. Yeye alikuwa hivyo. Mimi siko hivyo.

Na nikiwa mkweli, kuna upande wa pili. Sabuni ile ya mche ilitoka wapi? Kwenye bahasha. Posho ya kusongea ugali, mafuta ya taa, shuka mbili za kubadilisha, dawa ya vidonda: bahasha. Mikono yangu bila bahasha ingemgeuza Fundi kwenye uchafu uleule. Nilikuwa nikisema neno langu mbele ya baba yenu, naye akajibu bila kuinua macho, "Wala mikono hainunui sabuni." Sikumpa chai jioni ile. Lakini alikuwa na haki yake.

Tena 2020, mwaka wa korona. Ash, hiyo ndiyo inayoniharibia hoja yangu kabisa. Kwaresima ikiwa katikati, makanisa yakafungwa Machi, mwisho wa mwezi magari yakazuiwa, nami nimekaa ndani na magoti yangu haya na watoto wa kaka yako watatu. Ulitaka kuja, ungepitia wapi? Ulituma kwa simu. Nilikwenda kwa wakala pale kona, nikatoa, nikanunua posho na maharage, tukala mpaka Pasaka, Pasaka yenyewe tukaisali redioni. Siku ile pesa yako ilinigeuza. Nilikuambia? Nadhani nilikuambia "imefika" tu. Basi ilifika hasa.

Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kutuma si kitu. Siwezi pia kukuambia kwamba ni sawasawa na kwenda, ulimi utakataa. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu msomaji atapanda na Isaya sura ya 58, pale Mungu anapokataa saumu ya watu wanaoinamisha vichwa kama nyasi, akataja anayoitaka: kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumleta maskini nyumbani, kumvika aliye uchi, usijifiche mbele ya mtu wa damu yako. Isikilize kwa makini. Kumgawia mkate unaweza kwa simu. Kutojificha, sijui.

Lakini kuna jambo hukuniuliza, nami nitalisema. Umenitumia picha ya kundi lenu la simu, na nimeona orodha: jina, kiasi, jina, kiasi, na vile vikofi vya manjano chini yake. Baba yenu amefufuka akapewa simu! Waambie waache. Mtu anayetuma kidogo anaona aibu, anayetuma kikubwa anaota mabawa. Waambie wafute majina. Au basi, wasifute. Waandike wote, na yule anayefua mashuka ya bibi aandikwe, na atakayelala naye Jumatano usiku aandikwe, na kwenye kiasi wapige mstari. Hapana. Wafute. Ona, mimi mwenyewe sijui ninachotaka, na hayo mambo yana zaidi ya miaka thelathini.

Fundi alifariki mwezi wa Mei, Pasaka imeshapita, siku ya kazi tu. Jumuiya ilichangia jeneza na gari la kumpeleka kwao, na ilichangia vizuri. Nilifurahi kwa hilo, kweli.

Kuhusu wewe, sitakuamulia. Una kazi, una mtoto, una mume anayehitaji chakula cha moto ingawa mikono anayo. Mimi nilikwenda wakati wewe bado unanyonya, lakini nilikuwa na Mama Mnubi mlango wa pili. Huko kwenu kwenye ghorofa hata jina la jirani hamlijui. Nilitaka kuandika "nenda", nimeliandika mara na kulifuta, karatasi imechakaa hapa, utaona. Nimelifuta kwa sababu u mtu mzima na nilimwahidi baba yenu sitawaendesha.

Ila nijibu haya kabla hujatuma chochote: huyo bibi anaweza kujigeuza mwenyewe? Mchana anakaa na nani? Na usiku wapo wawili?

Mama yako