Mnaoanza kumsoma James Baldwin, anzieni hapa

Wadogo zangu mnaosoma fasihi, na nyie mnaojifunza kuandika insha, kwenye kikundi chetu cha kusoma kila wanapoingia wapya karibu wote wanamjua James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, kwa zile nukuu za kwenye simu, sentensi moja na picha yake ana sigara mkononi, basi. Ushauri wangu mkubwa ndo huu: achaneni na nukuu, soma insha nzima mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Huyu mtu haandiki sentensi za kunyofoa, sentensi yake ya mwisho inakupiga kwa sababu ya kurasa zote zilizotangulia, ukiinyofoa yanabaki maneno matamu ambayo hata yule aliyekuwa akimlenga anaweza kuyaposti akajisikia vizuri.

Pa kuanzia ni Notes of a Native Son, ile insha yenyewe iliyokipa jina kitabu chake cha 1955. Wengi wanakimbilia kitabu chake kingine, The Fire Next Time, kwa vile ndo inayotajwa sana, subirini kwanza. Kwenye hii anasimulia kifo cha baba aliyemlea, mhubiri wa Harlem, mtaa wa watu weusi New York, mtu mkali mwenye uchungu uliomla mpaka akili ikayumba. Mzee alifariki tarehe 29 Julai 1943, na siku hiyohiyo mama akajifungua mtoto wa mwisho, wa tisa, James ndo mkubwa wao wote. Mazishi yakaangukia tarehe 2 Agosti, siku aliyotimiza miaka 19, na siku hizohizo Harlem ikawaka, polisi mweupe kampiga risasi mwanajeshi mweusi, habari zikasambaa kwamba kafa wakati hakufa, watu wakamwagika barabarani. Kwa hiyo mzee anapelekwa makaburini gari likipita katikati ya vioo vya maduka vilivyovunjwa.

Mwandishi mwingine angemwaga hasira hapo akafunga. Yeye anarudi nyuma, anakupeleka New Jersey alikokuwa akifanya kazi wakati wa vita, anavyokataliwa kuhudumiwa mgahawa baada ya mgahawa kwa rangi yake, mpaka usiku mmoja anamrushia mhudumu kikombe cha maji, kinamkosa, kinapasua kioo cha ukutani, anakimbia kuokoa roho. Halafu anasema mambo mawili yalimshika, moja kwamba angeweza kuuawa, na la pili kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kuua. Someni hapo pole pole. Anagundua kwamba chuki iliyommaliza baba yake imeshaingia kwake, na anaisema wazi bila kumsamehe aliyemkatalia chakula. Hivi viwili kuvishika pamoja bila kuachia kimoja ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye insha, na mimi sijaona mtu aliyeifanya vizuri kumpita.

Zoezi ninalowapa wapya ni rahisi, shika penseli, pembeni ya kila aya andika tuko wapi: nyumbani, mtaani au nchi nzima. Mtaona anavyohama, jeneza la baba linakuwa Harlem, Harlem inakuwa Marekani, halafu anarudi tena sebuleni kwa mama yake, na hakuna mahali anakutangazia kwamba sasa nahama. Ukimaliza kuandika yako ipitie hivohivo, ukikuta aya zote ziko "nchi nzima" ujue umeandika hotuba.

Jambo lingine, msomeni kwa sauti. Baldwin alianza kuhubiri akiwa na miaka 14 kwenye kanisa la Kipentekoste, akaacha akiwa na 17, lakini kanisa halikumtoka mdomoni. Zile sentensi ndefu zenye mkato juu ya mkato zinazopanda taratibu halafu zinashuka ghafla ni za mimbarani, na aliyekulia kwenye makanisa ya kiroho atazitambua kwa sikio kabla hajaelewa hoja. Kama Kiingereza chake kinakuchosha tafuta video ya mdahalo wake na William F. Buckley, mwandishi mhafidhina wa Marekani, pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Februari 1965, ambapo ukumbi ulimpa kura 544 kwa 164. Msikilize kwanza, kisha urudi kwenye kitabu, mambo yanafunguka.

Na nyie mnaouliza jinsi ya kutoa kitabu haraka, angalieni riwaya yake ya kwanza, Go Tell It on the Mountain. Ilimchukua kama miaka kumi. Mwaka 1945 Richard Wright, mwandishi mweusi mwenzake ambaye tayari alikuwa jina kubwa, alimsaidia kupata ufadhili wa dola 500, hela ikaisha, mswada ukakataliwa. Novemba 1948 akaenda Paris na dola 40 mfukoni, akalala njaa, akalala hata mahabusu siku nane kwa shuka la hoteli ambalo aliliiba mtu mwingine. Riwaya akaja kuimaliza kwenye kijiji cha milimani Uswisi, alikoenda na taipureta na santuri mbili za Bessie Smith, mwimbaji wa blues, ikatoka 1953. Ila hiyo miaka yote hakukaa bure akisubiri kitabu kikubwa, alikuwa anaandika mapitio ya vitabu vya wengine kwenye majarida, na mimi naamini kazi hizo ndogo ndo zilimnoa, maana mapitio yanakulazimisha useme unachofikiri kwa maneno machache na ukithibitishe. Anzeni na hayo.

Kuhusu ugomvi wake na Wright, mtasikia mengi. Mwaka 1949 Baldwin aliandika kwamba riwaya za kupinga dhuluma zinamgeuza mtu kuwa mfano tu, zinamnyang'anya ubinadamu uleule zinaoutetea, na Native Son ya Wright akaitia humo, Wright akaumia kweli. Kabla hujachagua upande isome hiyo Native Son kwanza, tafadhali, sio uchambuzi wake. Mimi naona hoja ni ya kweli lakini Wright alistahili upole zaidi.

Riwaya yake Giovanni's Room ya 1956 msiiruke. Ni mapenzi ya wanaume wawili Paris, wahusika ni weupe, mchapishaji wake Marekani aliikataa, na wapo kwetu wanaotaka kuipita kimya. Ukiipita hutamwelewa, maana humo anachunguza mtu anavyojiangamiza yeye na wenzake kwa kuogopa kujijua, na hilo limo kwenye insha zake zote.

Baada ya hapo ndo mchukue The Fire Next Time ya 1963. Inaanza na barua fupi kwa mtoto wa mdogo wake, miaka mia baada ya tangazo la kuwaachia watumwa huru, halafu inakuja sehemu ndefu ya kanisa na chakula cha jioni kwa Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi wa Marekani, huko Chicago. Barua isomeni mara mbili kabla ya kuendelea, na penseli iwepo mkononi.

Mkija kikundini kila mtu aje na kurasa mbili za kwake kuhusu tukio moja la nyumbani kwao, tutazisoma kwa sauti.