Kwa nini shati lenye damu halifungwi kwenye plastiki?

SWALI: Nimeona mara kadhaa polisi wakitia nguo zenye damu kwenye mifuko ya karatasi, ile ya khaki. Karatasi si italowa na kuchanika? Kwa nini wasitumie plastiki inayofungwa kabisa? Pili, ni kweli kwamba mtu akigusa kielelezo bila glavu kesi imekwisha?

JIBU: Nianze na plastiki. Nguo yenye damu mbichi ukiifungia humo, inaoza. Unyevu unakosa pa kutokea, bakteria na kuvu wanashamiri, na wanachokila ni zile zile chembe tunazozitegemea kupata vinasaba. Siku chache za joto zinatosha: maabara inapokea shati lenye ukungu na harufu, na majibu hayapatikani au yanakuja nusunusu. Karatasi inapitisha hewa, kwa hiyo unyevu uliosalia unatoka polepole.

Hata hivyo hujakosea kabisa. Shati linalochuruzika halitiwi kwenye karatasi likaachwa humo. Linakaushwa kwanza, na hatua hiyo ndiyo usiyoiona. Linatundikwa au kutandazwa ndani ya chumba au kabati safi lililofungwa, kielelezo kimoja kwa wakati mmoja, na chini yake inatandikwa karatasi safi. Unywele, uzi au punje ya kioo ikidondoka, inadondokea hapo, na karatasi hiyo nayo inakunjwa na kuwa kielelezo. Jua haliruhusiwi, wala kikausha nywele, kwa sababu mionzi na joto huvunja vinasaba. Feni ya kupuliza moja kwa moja nayo hapana, maana itapeperusha hicho hicho unachokitafuta. Ikiwa mahali pa kukaushia ni mbali, plastiki inaweza kutumika njiani kwa muda mfupi ili damu isivuje, lakini nguo ikifika tu inatolewa.

Kukunja nako kuna namna yake. Kati ya kila mkunjo tunaweka karatasi safi, ili doa la kifuani lisihamie mgongoni. Mwanzoni mwa kazi yangu nililetewa suruali iliyoviringishwa ingali mbichi, kama nguo za kupeleka kwa dobi. Doa moja lilikuwa limezaa manne. Vinasaba tulivipata bila shida, ila swali la msingi lilikuwa kama damu ile ilirukia suruali kutoka mbali au ilipakwa kwa kugusana, na hilo halikujibika tena. Watu wengi hudhani damu inatuambia ni ya nani tu. Umbo la doa na mahali lilipo vinaweza kuwa na uzito zaidi ya jina.

Sasa usiondoke ukidhani plastiki ni haramu na karatasi ni dawa ya kila kitu. Chukua mabaki ya nyumba iliyochomwa, inayoshukiwa kumwagiwa petroli. Hapo karatasi ndiyo itakayoua ushahidi, kwa kuwa tunachokitaka ni mvuke, na mvuke utapita kwenye karatasi kama maji kwenye chujio. Hata mifuko ya kawaida ya plastiki huupitisha taratibu. Tunatumia makopo mapya ya chuma yenye mfuniko wa kubana, yanayofanana na ya rangi, na hatuyajazi hadi juu. Nafasi inayobaki wazi ndimo mvuke unamokusanyika, na maabara inaupima kutoka hapo.

Doa lililo kwenye ukuta au sakafu linachukuliwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na vijidudu, kisha kijiti kikavu kinapita juu ya doa lile lile. Vyote viwili vinakaushwa kabla ya kufungwa.

Kuhusu glavu: hapana, mguso mmoja hauui kesi. Aliyegusa anasema amegusa, inaandikwa, anatoa sampuli ya vinasaba na alama za vidole, na maabara inamtoa kwenye hesabu. Kinachoua kesi ni kugusa halafu kunyamaza, au kitu kusogezwa kabla hakijapigwa picha pale kilipokutwa, maana mahali pake hapawezi kurudishwa.

Glavu yenyewe si hirizi. Mkono uliovaa glavu ukashika kitasa, kisha simu ya mfukoni, kisha kisu, umebeba vya kitasa na vya simu ukavipaka kwenye kisu. Ndiyo maana tunabadilisha glavu kwa kila kielelezo. Binafsi, ofisa anayezunguka eneo zima na jozi moja ya glavu ananitia hofu kuliko aliyegusa kitu kwa bahati mbaya akakiri.

Wakati mwingine uchafuzi unatangulia kabla hata polisi hawajafika. Ujerumani, Austria na Ufaransa vinasaba vya mwanamke mmoja vilionekana katika matukio takriban 40, likiwemo la kuuawa kwa polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Alisakwa kwa miaka. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mhalifu huyo hakuwepo: vinasaba vilitoka kwa mfanyakazi wa kiwandani aliyehusika na vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa vizuri dhidi ya vijidudu, ila kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Mwaka 2016 kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 18385, mahususi kwa vifaa vya aina hiyo.

Mahakamani, hata hivyo, wakili wa utetezi mara nyingi huanzia kwenye lebo kabla ya kufika kwenye vinasaba. Nani alikiokota kielelezo, saa ngapi, alimkabidhi nani, lakiri ilikuwa nzima? Saini inapitishwa juu ya utepe wa lakiri, nusu kwenye utepe na nusu kwenye mfuko, ili ukibanduliwa mistari isikutane tena. Maabara nayo ikitaka kufungua mfuko haigusi lakiri ile ya kwanza. Inakata upande mwingine, inafanya kazi yake, kisha inafunga hapo ilipokata na kuweka lakiri yake, jina la aliyefungua na tarehe.