Mgonjwa wa moyo hajapewa dawa ya kushusha mapigo siku ya kwanza? Uliza kabla hujagombana na daktari

Hii naiandika kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi sasa hivi, mzee wake kaletwa usiku na shambulio la moyo, na pembeni kuna ndugu mmoja mjuaji (kila ukoo unae) anasema mbona mgonjwa wa kitanda kile kapewa dawa ya kutuliza mapigo na wetu hajapewa, au mpaka tutoe kitu kidogo. Sisi tulikua na wa kwetu, na alikua anapaza sauti mpaka nesi akatoka kuangalia kuna nini.

Mgonjwa alikua baba mkubwa, analima viazi huko juu Uporoto, umri 74, presha anayo siku nyingi. Asubuhi ya Julai, baridi ile ya huko mnaijua, jasho linamtoka na kifua kinabana mpaka kwenye taya. Mama mkubwa akadhani gesi. Jirani akaja mbio na vidonge vyake yeye vya presha, atenolol, mpeni huyu moyo utulie. Nashukuru binti yao alinipigia kwanza, nikamwambia vya jirani virudisheni, tafuteni aspirini kama hana aleji nayo na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, atafune asimeze nzima, na tafuteni gari. Wakapata Noah mpaka Mbeya mjini.

Sasa hiyo atenolol ndo yenyewe tunayoiongelea. Ni ya kundi linaitwa beta-bloka, na kwenye boksi utazijua kirahisi maana majina yake karibu yote yanaishia na lol: propranolol, atenolol, metoprolol, bisoprolol, carvedilol. Kazi yake ni kuzuia adrenalini isiuchape moyo, mapigo yanapungua, presha inashuka, moyo unatumia oksijeni kidogo na pia hauendi ovyo ovyo kwa umeme kuvurugika, na huko kuvurugika ndo kunaua watu wengi ghafla saa za mwanzo. Ukisikia hivyo unasema basi kila mtu apewe haraka iwezekanavyo. Na madaktari wenyewe waliwahi kufikiri hivyo. Mwaka 1986 ulitoka utafiti mkubwa wa atenolol, wagonjwa zaidi ya 16,000, wanaopewa mapema kwa sindano vifo vya wiki ya kwanza vilishuka kutoka 4.6% mpaka 3.9%. Sio kitu kikubwa sana lakini kwa moyo kila kidogo kina maana.

Halafu 2005 ukaja wa China. Huu mtoto wa dada yangu anayesoma udaktari ndo alinikalisha chini akanieleza na nikausoma mwenyewe baadae. Wagonjwa 45,852, nusu wakapewa metoprolol ya mshipani ndani ya siku ya kwanza halafu vidonge, nusu hawakupewa. Kwenye kila wagonjwa 1,000 waliopewa, 5 hivi waliepuka shambulio jingine, na 5 wengine waliepuka moyo kuvurugika umeme, safi kabisa, ila 11 zaidi waliingia kwenye shoku, yaani moyo unashindwa kusukuma damu mpaka presha inaanguka, na wengi waliangukia huko siku ile ile ya kwanza au ya pili. Ukijumlisha vifo, hakuna tofauti ya maana. Kilichookolewa upande huu kimeliwa upande ule.

Na waliokua hatarini zaidi wanajulikana: wazee wa zaidi ya 70, wenye presha ya juu (ile namba ya kwanza kwenye kipimo) chini ya 120, mapigo yanayokimbia zaidi ya 110, wenye maji kwenye mapafu. Baba mkubwa alifika na presha ya juu 98, mapigo 116, na daktari akiweka kipimo mgongoni anasikia maji. Yaani alikua nazo zote!

Daktari alitueleza hivi, na mimi naona alieleza vizuri kuliko nilivyosoma popote. Fikiria fuso limebeba mbolea kutoka Dar linapanda Kitonga, pistoni moja imekufa, dereva kakanyaga mafuta mpaka mwisho ndo angalau linasogea. Wewe unamwambia aachie mafuta injini ipumzike. Litarudi nyuma. Moyo uliopoteza kipande cha msuli unaishi kwa ile adrenalini kwa saa hizo, mapigo yanakimbia sio kwa sababu moyo una wasiwasi, yanakimbia kwa sababu yanalipia kilichopungua. Kwahiyo huyu kwanza tunampa ya kutoa maji na za kuzuia damu isigande, hii nyingine itasubiri. Ndugu yetu mjuaji akanyamaza kidogo, kidogo tu.

Mgonjwa wa kitanda kile? Kijana, presha 150, mapafu makavu, yeye ni sawa kabisa kupewa ya vidonge ndani ya saa 24. Ugonjwa mmoja, hali mbili tofauti.

Kwahiyo ukiwa kwenye hiyo benchi, badala ya kuuliza kwanini hajapewa, uliza presha yake sasa hivi ngapi, mapigo ngapi, mapafu yana maji, na je dawa ya mapigo mmepanga kumuanzishia lini. Swali la mwisho ndo muhimu maana kuchelewesha kwa sababu ni sawa, ila kusahau sio sawa, na wodi ikijaa vitu vinasahaulika. Na nyie pia semeni vitu ambavyo hamjaulizwa: ana pumu? aliwahi kuambiwa mapigo yake yapo chini? anatumia dawa gani za presha nyumbani? Pumu hasa msiifiche, hizi dawa zinaweza kubana kifua cha mtu wa pumu vibaya sana, na huku kwetu watu pumu wanaiita kifua tu, mwaka mzima anakohoa anasema ni baridi. Beba na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, hata vya kienyeji.

Kwa baba mkubwa walianza baadae, mapafu yalipokauka na presha ikapanda yenyewe. Carvedilol, dozi ndogo kabisa, wanaongeza taratibu kliniki. Kipimo cha eko (ultrasound ya moyo) kilionyesha moyo unasukuma chini ya asilimia 40 ya damu iliyomo kwa kila pigo, na kwa watu wa namna hiyo hii dawa ina faida isiyo na ubishi, inaongeza maisha kweli kweli, utafiti wa carvedilol wa 2001 ulionyesha hivyo.

Nyumbani ndo kwenye mtihani mwingine. Kwanza uchovu, mzee anasema ameibiwa nguvu. Pili mikono na miguu inakua ya baridi, sasa kwa mtu wa Uporoto au Makete au Njombe mwezi wa saba hilo sio jambo dogo, soksi mbili, glavu, moto, msimcheke. Kama ana sukari, mjue dawa inaficha ile dalili ya moyo kwenda mbio sukari ikishuka, jasho ndo linabaki, kwahiyo pimeni, msisubiri atetemeke. Ndoto mbaya zipo. Nguvu za kiume kupungua pia zipo kwa wengine na wazee hawatasema, wataacha dawa kimya kimya.

Na kuacha ghafla ni hatari hasa, mapigo yanarudi kwa hasira na kifua kinaweza kubana upya au shambulio likajirudia. Zikikaribia kuisha tuma mtu mjini mapema, usisubiri siku ya mnada. Kama zinamsumbua arudi kliniki wapunguze pole pole. Tumenunua kipima presha cha mkononi, mapigo yakiwa chini ya 50 na kizunguzungu juu tunapiga simu kabla ya kumpa dozi inayofuata.

Ila kama eko ya mgonjwa wako inaonyesha moyo unasukuma vizuri, asilimia 50 kwenda juu, na mshipa ulishazibuliwa, usishangae daktari akisema hii dawa pengine haihitaji miaka yote. Utafiti wa 2024 wa Sweden, Estonia na New Zealand, wagonjwa 5,020, haukuona faida kwa watu wa aina hiyo. Tafiti nyingine za karibuni hazikubaliani zote, kwahiyo ni mazungumzo ya kliniki sio ya kijiweni, na uende na karatasi ya eko mkononi, sio kwenye picha ya simu iliyopigwa gizani.