Maswali ya wasomaji: Mbwa adimu wa kuwinda

*Habari za kazi, wataalamu. Kijana wangu anasoma Birmingham na mwezi Machi nitakuwa kwake. Ameahidi kunipeleka kwenye maonyesho ya Crufts. Mimi mbwa ninaowajua ni hawa wa mtaani na wale wa polisi. Nasikia huko wapo mbwa wa kuwinda ambao hata wenyeji hawawaoni mwaka mzima. Nitazame nini? Na watu wanafuata nini kwa mbwa hao?*
Mama, Ujiji

Mama, anza na siku. Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa, huchukua siku nne katika kumbi za maonyesho za NEC huko Birmingham, kila siku na makundi yake, na siku ya kundi linaloandikwa Hound, yaani mbwa wa kuwinda, hubadilika mwaka hadi mwaka. Ratiba itazamwe kwanza, tiketi ikatwe baadaye. Wageni wengi hukosea hapo, wakaja siku ya mbwa wa kuchunga kondoo.

Kosa la pili ni kufika mchana. Ile hafla ya jioni yenye taa na zulia huonyesha mbwa mmoja tu wa kila mbegu, yule aliyeshinda. Ukitaka kuwaona wote wa mbegu adimu wakiwa pamoja, ni kwenye ulingo wao, na mara nyingi zamu yao huisha kabla ya saa sita. Nunua kitabu cha orodha mlangoni, tafuta namba ya ulingo, kaa upande ambao mbwa wanakuja wakikutazama. Wakishamaliza hurudishwa kwenye vizimba vyao vya wazi na hukaa humo, nawe unaweza kuzungumza na mwenye mbwa. Usimguse mbwa kabla hajaingia ulingoni, kwani ameshachanwa na kutulizwa. Akitoka, omba ruhusa, wengi watakukaribisha. Ipo pia sehemu ya Discover Dogs, ambako mbegu zipatazo mia mbili huwekwa ili watu wazione kwa karibu.

Sasa kuhusu wanachofuata watu. Mbwa wa kuwinda umbo lake limetokana na kazi, na kazi hiyo unaweza kuisoma mwilini hata kama haifanyiki tena. Mtazame otterhound. Alifugwa Uingereza kwa kumfuata fisi maji mitoni. Nyayo zake ni pana na zina ngozi katikati ya vidole, manyoya ya nje ni magumu yenye mafuta, ya ndani ni mazito ya kuzuia baridi ya maji. Dume hufika sentimita 69 mabegani. Fisi maji alipowekewa ulinzi wa sheria mwaka 1978, kazi ikaisha na mbwa akabaki. Leo otterhound duniani wanahesabiwa kwa mamia tu, na Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kimemweka kwenye orodha ya mbegu za asili zilizo hatarini, yaani zinazoandikisha watoto wasiozidi 300 kwa mwaka. Ukiwaona ishirini ulingoni, umebahatika. Bloodhound naye yumo kwenye orodha hiyohiyo.

Ndani ya kundi hili wapo wawindaji wa pua, wanaofuata harufu, na wawindaji wa macho, wanaofukuza wanachokiona, na ukishawatenganisha macho yako yatatulia. Wa pua wana masikio marefu, mifupa mizito na mwendo wa kudumu: bloodhound, otterhound, na petit basset griffon vendéen wa Ufaransa, asiyezidi sentimita 38 lakini mwenye bidii ya ajabu. Mbwa wa mbegu hii alishinda Crufts nzima mwaka 2013, na mwingine akashinda maonyesho ya mbwa ya Westminster ya New York mwaka 2023. Wa macho wana kifua kirefu, tumbo lililopanda juu na miguu ya mbio. Jaji anapomwambia mtu akimbie na mbwa moja kwa moja kwenda na kurudi, anakagua kama miguu inafuata mstari au inapinda. Anapomzungusha, anatazama urefu wa hatua kwa ubavuni. Wewe tazama mgongo: ukiruka juu na chini, nguvu inapotea njiani.

*Mimi ni mvuvi wa Kibirizi. Nilipewa mbwa jike kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ana mkia uliojikunja, masikio wima, habweki kabisa, ila hutoa sauti kama anaimba. Rafiki anasema ni basenji na ana thamani kubwa. Ni kweli? Naweza kumwingiza kwenye maonyesho?*

Inawezekana sana kwamba ana damu hiyo, maana basenji asili yake ni huko huko bonde la Kongo. Mpime hivi. Jike wa kiwango huwa sentimita 40 mabegani na kilo 9 na nusu. Dume 43 na kilo 11. Anaposimamisha masikio, paji la uso lijikunje mikunjo midogo mingi. Mkia ujiviringe barabara na kulalia upande mmoja wa paja. Nyeupe iwepo miguuni, kifuani na ncha ya mkia. Muhimu kuliko yote kwa jike: huingia kwenye joto, yaani wakati wa kutaka dume, mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi huingia mara mbili. Fuatilia miezi kumi na minane kabla ya kuamua.

Kutobweka hakumaanishi bubu. Koromeo lake lina umbo tofauti, ndiyo maana unasikia hiyo sauti ya kuimba. Kwa sababu hiyo wawindaji wa Kongo humfunga kengele ya mti shingoni, wajue alipo porini.

Maonyesho ya kimataifa yanadai cheti cha ukoo, nawe huna. Lakini usimdharau. Basenji wa kwanza kupelekwa Uingereza, mwaka 1895, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Waliokuja baadaye, waliooneshwa Crufts mwaka 1937, walivuta umati mkubwa. Mbegu ya Ulaya na Marekani ilitokana na mbwa wachache mno, ikabeba magonjwa ya kurithi. Hivyo mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Zaire ya wakati ule kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Mbwa wa aina ya huyo wako ndio waliowaokoa jamaa zao wenye vyeti.

Mchanje kichaa cha mbwa na distempa, na usimwache apandwe na kila dume wa mwaloni. Akifikisha miaka mitatu, mpime mkojo kila mwezi kwa vile vijiti vya kupimia sukari vinavyouzwa maduka ya dawa. Basenji hupata ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: sukari inavuja kwenye mkojo ilhali ile ya damu ni ya kawaida. Anakunywa maji mengi, anakojoa mno, anakonda huku anakula. Asiyejua humtibu kisukari, na mbwa anaharibikiwa.

*Watoto wa ridgeback wangu wana siku kumi. Mmoja ana kitundu kidogo shingoni, mwingine hana kabisa ule mstari wa mgongoni wa nywele zinazoelekea mbele. Jirani anasema wote wawili wauawe.*
Mfugaji, Ng'ambo, Tabora

Usiue yeyote. Asiye na mstari ni mzima. Hatashinda maonyesho, basi, lakini atalinda nyumba sawasawa na ndugu zake. Mwenye kitundu ndiye wa kushughulikia. Huo ni mrija wa ngozi uliobaki tangu tumboni, unaotoka juu ya ngozi kwenda chini kuelekea uti wa mgongo. Nywele na uchafu vikijaa ndani hutunga usaha, na ukiwa mrefu unaweza kufikisha maambukizi kwenye uti wenyewe.

Kagua watoto wote. Nyanyua ngozi ya katikati kwa vidole viwili, kuanzia kisogoni hadi shina la mkia, ukiisugua taratibu. Penye mrija utahisi uzi mgumu unaoshikilia ngozi isinyanyuke. Usiuminye wala kuuchokonoa. Daktari wa mifugo huutoa kwa upasuaji mtoto akishapata nguvu, na ukibaki kipande hurudi. Hali hii hurithiwa pamoja na mstari wenyewe, kwa hiyo mtoto huyo asizalishwe, na mama yake usimrudishe kwa dume yuleyule.

Kwa jaji, mstari unaofaa huanza nyuma tu ya mabega, huwa na mashungi mawili, yaani mizunguko ya nywele, yanayolingana yakitazamana, na hupungua upana hadi usawa wa nyonga. Mashungi yasizidi theluthi moja ya urefu wake.

*Nimemwona mbwa aina ya azawakh kwenye picha, nikampenda. Atafaa Urambo?*

Joto la Urambo halitamsumbua, kwao ni Mali na Niger. Majirani watakusema unamnyima chakula, maana nyonga zake hutokeza juu na mbavu huonekana. Ndivyo alivyo, dume la sentimita 70 likiwa na kilo 25 tu. Hofu yetu ni mbung'o na kupe. Mbwa mgeni akiumwa na mbung'o hupata homa, uso huvimba, macho hugeuka ya buluu yenye ukungu. Siku hiyohiyo apimwe damu. Mwambie pia daktari kwamba ni mbwa wa mbio kabla ya sindano ya usingizi, kwa kuwa hawana mafuta mwilini na baadhi ya dawa huwalaza kupita kiasi. Na kuwinda bila leseni ni kosa, hata kwa mbwa mzuri namna gani.

*Tunataka kuonyesha mbwa wa kuwinda wa Kanda ya Magharibi kwenye viwanja vya Ipuli. Tuanzeje?*
Kikundi cha vijana, Tabora

Anzeni na ulingo mmoja wa mita 15 kwa 15, kamba kwenye nguzo, nyasi zilizofyekwa fupi na kukaguliwa miiba. Ukiwa mdogo zaidi ya hapo, mbwa wa miguu mirefu hawezi kufungua hatua na jaji hana cha kuona. Wekeni meza imara yenye mkeka wa mpira kwa wale wafupi. Mlangoni asiingie mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa iliyo hai, wala jike aliye kwenye joto. Huyo mmoja atavuruga madume yote. Anzeni saa moja asubuhi, malizeni saa nne kabla jua halijawa kali, na ndoo za maji ziwe mbalimbali ili mate na ugonjwa wa mmoja visiwe vya wote. Gawanyeni kwa kazi: wa pua, wa macho, na wa kienyeji wanaofanya yote mawili. Mabanda ya mbuzi na kuku yawe upande wa pili wa uwanja, upepo ukitoka kwa mbwa kwenda kwao, ili mbwa wasipate harufu yao.