Barua kwa mwanangu: jina la paramediki lina wenyewe

Langoni, Lamu

Mwanangu Salim,

Waalaikumu salaam. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza, na hasira yako nimeisikia. Wauliza: cheti cha Kenya unacho, ambulensi ya Malindi umeipanda hadi watu wa bodaboda wakakujua kwa sura, mbona huko Leeds wanakwambia ukijiita paramediki, yaani mtoa huduma ya dharura wa ambulensi, utashtakiwa? Ni dharau au ni sheria?

Ni sheria, baba, na mimi naiunga mkono. Uingereza jina hilo ni la walioandikishwa na baraza linalosimamia taaluma za afya, lile liitwalo HCPC. Asiyekuwemo akijiita hivyo ili watu wamwamini, amevunja sheria. Hata aliyezaliwa hapohapo Leeds, asipohuisha usajili wake kila baada ya miaka miwili, jina linamtoka. Na tangu Septemba 2021 wanaosomea kazi hiyo huko hutakiwa digrii. Kwa hiyo hukulengwa wewe. Australia nayo imeanza rejista ya taifa Desemba 2018 tu, maana hii ni taaluma changa kila mahali.

Sasa mfikirie mama aliyejifungua huko Kizingitini, kisiwani Pate, anayevuja damu. Maji yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda hauna kina, na boti haina budi kuzunguka nje, baharini kwenye mawimbi, ndipo ifike Lamu. Sokoni ukimtilia shaka muuza samaki, wahamia meza ya pili. Huyu aliyelazwa chali kwenye machela atahamia wapi? Hawezi kumuuliza anayemdunga sindano alisomea wapi. Lazima pawe na mtu aliyeuliza kwa niaba yake kabla boti haijang'oa nanga, tena mwenye uwezo wa kumfuta kazi anayeharibu. Huko Uingereza, jina la paramediki yeyote unaweza kulitafuta kwenye rejista kwa simu yako, na akishtakiwa kwa baraza anasikilizwa, akipatikana na makosa makubwa anaondolewa.

Kwetu haki ya mgonjwa imeandikwa vizuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yahesabu huduma hiyo tangu kabla ya hospitali, na kituo chenye uwezo kikikataa, faini ni hadi shilingi milioni 3. Ambulensi ni jukumu la kaunti. Lakini haki ya mgonjwa ni kitu kimoja, na nani anayemshika ni kingine. Mimi nesi nilikuwa chini ya Baraza la Wauguzi, nikikosea naitwa. Paramediki aliyekaa kando yangu botini na koti lake la kung'aa hakuwa na sheria yake ya Bunge kama ya wauguzi. Wengine mikono yao ilishinda ya madaktari. Wengine, Mungu anisamehe, ningewashusha njiani, gatini Mokowe. Mgonjwa alikuwa hana njia ya kuwatofautisha.

Wewe ni wa kundi la kwanza, najua, ila rejista haipokei ushahidi wa mama.

Wala siwapambi Waingereza. Mafundi wa ambulensi na wasaidizi wanaopanda gari moja na paramediki, rejista hiyo haiwagusi. Mwajiri ndiye anayewasimamia. Naliona ni pengo. Kwako lakini ni mlango: anza hapo, usione haya, huku ombi lako likiendelea. Waliosomea nje huruhusiwa kuomba, na baraza hulinganisha mafunzo yao na viwango vyake. Cheti kitupu hakitasema mengi. Watataka kujua ulisoma nini, ulifanya mazoezi wapi na chini ya nani.

Basi niandikie masomo yako yote, mwaka kwa mwaka. Dada yako anashuka Mombasa Jumatatu, atapita chuoni akuombee muhtasari wa kozi wenye muhuri. Na ada ya maombi usimkope mtu. Niulize mimi kwanza.

Mamako